Namna ya Kuvua Mawimbi Juu ya Paa la Umoja

Utahitaji waya wa shaba wa mita 11, redio mbili za zamani ambazo mjomba alikataa kuzitupa, daftari, penseli, betri mpya na jirani mwenye subira. Jirani ndiye kifaa kigumu kupatikana kuliko vyote, basi anza naye.

Mwendee mapema, kabla hajakuona juu ya paa ukiwa na koleo mdomoni. Mweleze kwamba waya utakaoupitisha kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye nguzo ya pembeni hautaanikiwa nguo, hautavuta stima ya wizi, na hautamletea mtu ugonjwa. Jirani yangu wa orofa ya tatu hapa Umoja, Nairobi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa jirani, huo waya utashika stesheni gani?"

Nikamwambia nataka kuisikia Pretoria.

"Kuna mpira leo?"

Nikamwambia mpira hakuna. Kuna milio minne mirefu, kila mmoja sekunde moja, na ule wa mwisho ni dhaifu kiasi kwamba nikiusikia nitakuja kumgongea mlango hata kama ni usiku. Akafikiri kidogo, akaondoa blanketi lake kwenye kamba ili nipite. Ukipata jirani wa namna hiyo, mpelekee chapati.

Mwongozo huu ni wa redio za ridhaa, yaani redio zinazojengwa na kuendeshwa na watu kwa mapenzi tu, bila malipo wala matangazo ya biashara. Ndani ya kazi hii mna ubishi mkongwe. Wako wanaosema soma kwanza, usiguse waya mpaka ujue hesabu zake. Wako wanaosema shika kwanza, kitabu hakijawahi kulehemu kitu. Msimamo wangu nautaja hapa ili usiutafute: shika kwanza, ushindwe mapema, kisha fungua kitabu usiku uleule ukiwa na swali moja. Kitabu kinachofunguliwa bila swali hulaza msomaji. Na fundi asiyerudi kitabuni, nimemwona kwa macho yangu, huunguza transista ileile mara tatu kwa wiki moja.

Panda juu na waya uliozidi

Chukua 150, ugawe kwa masafa unayoyataka kwa hesabu ya megahezi. Utapata nusu ya urefu wa wimbi kwa mita. Sisi tunataka 14.1, ambako Pretoria hupiga milio yake, kwa hiyo jibu ni mita 10.64. Ondoa asilimia 5 hivi, kwa kuwa ncha za waya huufanya urefu wake uonekane mkubwa kidogo mbele ya wimbi. Zinabaki mita 10 na sentimita 10. Kata katikati, kila mkono uwe mita 5 na sentimita 5. Hiyo ndiyo nadharia, na chai yako bado ina moto.

Sasa usikate hivyo. Kata mita 5 na nusu kila upande. Kitabu kilipiga hesabu yake waya ukiwa peke yake angani, na paa la ploti lina vyuma ndani ya zege, lina mabati ya jirani, lina tangi, lina kamba yenye suruali za jinzi kumi na mbili zilizolowa maji. Vyote hivyo vinauvuta waya wako huku na huku. Fundi cherehani yeyote wa Mutindwa atakuambia kwamba kitambaa kilichozidi hupunguzwa, lakini kilichopungua ni hasara. Funga, pima, punguza sentimita chache, pima tena.

Kwa kusikiliza tu, kosa la nusu mita hutalitambua. Siku utakayopata ruhusa ya kutuma ndipo litakapokulipisha, maana nguvu inayokataliwa na waya hurudi chini kwenye mtambo, na mtambo wa bei rahisi hauvumilii kurudishiwa. Ndiyo maana nakuhimiza ujizoeze kupunguza sasa, wakati kosa ni la bure.

Kwenye ncha za waya unahitaji kizuizi kisichopitisha umeme. Kijana mmoja wa mtaani alinisaidia kufunga, akakata vipande viwili vya ukanda wa akala, vigumu, vizuri, visivyooza kwa mvua. Mikono yake ilifikiri sawasawa: mpira hauna umeme, kila mtoto anajua. Jioni tukagusa ncha mbili za kipande kimoja kwa testa iliyowekwa kwenye kipimo chake cha juu kabisa, na mshale ukasogea. Tulitazamana. Usiku ule ndipo tulipofungua kitabu, na kitabu kikajibu: mpira wa tairi huchanganywa masizi laini ya kaboni ili uwe imara, na kaboni hupitisha umeme. Kesho yake tukakata jerikeni la mafuta ya kupikia. Plastiki yake ni jamaa moja na ile nyeupe inayouzunguka uzi wa katikati ndani ya waya wa eriali ya televisheni. Kijana huyo hatasahau habari za kaboni maisha yake yote. Angeambiwa darasani, ingeyeyuka kabla ya kengele ya saa nne.

Jambo moja halina majaribio: waya wako usikaribie nyaya za stima za mtaani, wala usivuke juu au chini yake, hata kama kona ile ndiyo nzuri kuliko zote. Upepo ukiukata ukaangukia kule, hutapata nafasi ya kufungua kitabu. Vivyo hivyo na televisheni za zamani zenye kisogo. Watu huzifungua kutafuta vipuri, na ni sawa, lakini kapasita yake kubwa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya plagi kuchomolewa. Hapo nadharia hutangulia. Soma kwanza, kisha mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo akusimamie.

Eriali kubwa za alumini zilizobaki mapaani Buruburu na Donholm tangu televisheni ihamie dijitali mwaka 2015 nazo zina kazi. Bomba moja la sentimita 49, lisimame wima na nyaya nne chini yake, tayari una eriali ya megahezi 145, ambako chombo cha anga cha kimataifa husikika kwenye 145.800 kikipita juu yetu. Hilo ni somo la siku nyingine; sisi turudi kwenye waya mrefu.

Zipeleke redio mbili kwa fundi

Milio ya Pretoria haina sauti ya mtu ndani yake. Ni wimbi tupu linalowashwa na kuzimwa, na redio ya kawaida ikilipata hukaa kimya tu, kama mtu aliyeshika pumzi. Redio maalumu za kulifanya lisikike zipo, na bei yake ni kodi ya miezi. Ndiyo maana nikaenda Kariobangi Light na redio mbili kwenye mfuko wa sokoni, nikafuatana na kijana wa chuo anayesomea uhandisi wa umeme.

Kibanda cha fundi kilikuwa na upana wa mlango. Aliziweka redio zangu bega kwa bega, akawasha zote, akashika kirungu cha stesheni cha redio ya pili akakizungusha kwa kidole kimoja, taratibu kama mtu anayemenya yai. Ghafla redio ya kwanza ikapiga mluzi mrefu uliopanda ukashuka.

"Umesikia? Sasa najua hii ya pili osileta yake iko hai," akasema. "Isingepiga mluzi ningeanzia hapo kutafuta ugonjwa."

Amekuwa akitumia mluzi huo kama daktari anavyotumia kipima-moyo, tangu alipokuwa akifundishwa kazi na mwenye kibanda kabla yake. Hajawahi kuuliza kwa nini unatoka. Kijana wa chuo naye alikuwa ameganda. Mchoro wa redio hiyo ameuchora kwenye mitihani, anaujua Armstrong aliyeubuni mwaka 1918, anajua kwamba ndani ya kila redio kama hizi mna osileta inayozaa wimbi lake lenyewe, kilohezi 455 juu ya stesheni uliyoifungua. Alipata alama nzuri. Lakini hakuwahi kulisikia.

"Fundi," akasema polepole, "hiyo osileta inavuja nje?"

"Inavuja sana. Ndiyo maana redio mbili hazikai meza moja."

Kijana akachukua penseli yangu. Kama redio ya pili ikifunguliwa 13.645, osileta yake itakuwa 14.100. Ikivuja ikaingia redio ya kwanza iliyokwisha kufunguliwa 14.100, itakutana na wimbi tupu la Pretoria, na mawimbi mawili yaliyokaribiana yakikutana huzaa mluzi. Ule ukimya ungepata sauti. Kwa redio mbili za mjomba, bila kununua chochote.

Nilisimama pale kibandani nikiwa na furaha ambayo sikuweza kuificha. Fundi alikuwa na nusu ya jambo kwenye vidole vyake kwa miaka mingi, na kijana alikuwa na nusu nyingine kichwani tangu mwaka wake wa pili chuoni. Kati ya kibanda na chuo ni nauli ya matatu moja. Inanichoma moyo kwamba hawajawahi kukutanishwa, na kwamba mtaani tunamwita mmoja wao msomi na mwingine tunamwita tu "yule wa redio". Kwa hiyo, msomaji, hatua hii usiiruke hata kama una pesa za redio maalumu: mtafute fundi, mtafute mwanafunzi, wakalishe kwenye benchi moja, kisha nyamaza.

Fundi alinionya jambo moja, nami nakupa kama alivyonipa. Hila hii inataka redio za zamani za kuzungusha. Zile mpya zenye kiduara kimoja cheusi ndani kinachofanya kila kitu hazina osileta ya namna hiyo, na utakesha bure.

Usiamini aliyesema haiwezekani, ila msikilize

Ubishi wa mkono na kitabu una historia ndefu kuliko Kariobangi, na pande zote mbili zina ushindi wake. James Clerk Maxwell aliyapata mawimbi haya kwa hesabu peke yake, akayachapisha mwaka 1865, na zaidi ya miaka ishirini ikapita kabla Heinrich Hertz hajayazalisha kwenye meza yake. Hertz asingejua atafute nini bila zile hesabu. Hapo kitabu kilitangulia.

Kisha tarehe 12 Desemba 1901 Marconi akasema amesikia kule Newfoundland herufi moja iliyotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki. Kwa wenye hesabu wa wakati ule jambo hilo lilikuwa gumu kulieleza, kwani wimbi huenda moja kwa moja na dunia ni duara. Mwaka uliofuata Kennelly na Heaviside, kila mmoja kivyake, wakapendekeza kwamba huko juu kuna tabaka linalorudisha mawimbi chini. Appleton alilithibitisha mwaka 1924. Mkono ulifika kwanza, kitabu kikaja kueleza mkono ulifikaje.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa watu wa ridhaa wenyewe. Mwaka 1912, huko Marekani, waliachiwa mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa sababu wakubwa waliyaona hayafai kwa safari ndefu. Ni kama kupewa shamba la mawe. Wakalilima. Mnamo Novemba 1923 Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, alizungumza na Fred Schnell wa Connecticut, Marekani, pande zote mbili zikisikizana ng'ambo ya bahari, kwenye mawimbi ya mita 110 hivi. Shamba la mawe lilikuwa na dhahabu, na masafa mafupi ambayo babu zetu walikuja kusikilizia habari za dunia yalitoka humo.

Sisi hapa tuna sababu ya ziada ya kupanda paani. Nairobi iko digrii 1 na ushei kusini mwa ikweta, chini kabisa ya sehemu ya anga ambayo tabia zake ni za pekee. Mwaka 1947 watu wa ridhaa waligundua kwamba megahezi 50, ambazo kwa kawaida hazivuki upeo wa macho kwa mbali, huvuka ikweta jioni kwa maelfu ya kilomita. Mwaka 1978 hali hiyo ikaonekana hata kwenye megahezi 144, kati ya Cyprus na nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Waliotega walikuwa kaskazini na kusini. Jambo lenyewe lilikuwa likitokea katika anga ya ikweta, anga yetu. Nataka siku moja sehemu ya daftari la jambo kama hilo iandikwe Kayole.

Lakini kutuma ni kwa leseni, na hapa sina mzaha. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo itoayo, na chama cha wenye kazi hii, Amateur Radio Society of Kenya, ni mahali pa kuanzia kuuliza. Ukipita mtihani utapewa jina la hewani linaloanza na 5Z4, ndugu wa ile 5Y iliyoandikwa kwenye ndege zinazotupita kichwani zikishuka Embakasi. Rubani wa ndege hizo anaongea na mnara kwenye masafa yaliyo chini ya megahezi 137, si mbali na zile 145 nilizozitaja. Mtambo mbovu mikononi mwa mtu asiyeujua unaweza kumwaga takataka kwenye sikio lake. Mtihani wa leseni upo kwa ajili hiyo, na mtu aliyekwisha kupunguza waya, kupima akala na kusikia mluzi atausoma kama habari za watu anaowafahamu.

Omba stima ipotee

Wiki ya kwanza hatukusikia chochote. Fundi alikuja, kijana akaja, jirani akatuletea stuli, na redio ikatupa mchakacho kama mahamri yanayokaangwa. Kijana alianza kushuku hesabu zake. Fundi aliinua redio ya betri akazunguka nayo paani, kisha akashuka ngazi orofa kwa orofa, akisikiliza. Kwenye mlango mmoja mchakacho ulipanda: chaja ya simu. Kwenye mwingine: taa ya ngazini. Mwingine: king'amuzi. Ploti ina milango ishirini na minne, na kila mlango una vifaa vya bei nafuu vinavyokata umeme vipande maelfu kwa sekunde na kumwaga mabaki hewani. Tulikuwa tunatafuta mnong'ono katikati ya soko la Gikomba.

Basi tukangoja stima ipotee, na Eastlands haikututupa. Jumanne moja, kama saa moja na robo jioni, mtaa mzima ukazimika, Umoja yote na upande wa Tena pia. Watu walitafuta mishumaa. Sisi tulikimbilia juu.

Mchakacho ulikuwa umekwisha. Nilikuwa sijawahi kuisikia redio ikinyamaza namna ile katikati ya jiji. Ilikuwa kama kutoka sokoni ukaingia msikitini. Fundi akazungusha redio ya pili kuelekea 13.645. Kijana alishika saa.

Saa ndiyo iliyotuokoa na kutojua alama za Morse. Duniani kuna vituo 18 vya ishara vilivyopangwa na taasisi ya NCDXF pamoja na IARU, muungano wa kimataifa wa redio za ridhaa, na vyote hupokezana kwenye 14.100, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mmoja dakika 3. Kenya ina chake, 5Z4B, ambacho kimewahi kuandikwa kwenye orodha kuwa kiko Kariobangi, mwendo wa dakika chache kutoka kibanda cha fundi. Alipoambiwa hivyo alicheka kwa raha, akasema kumbe ni jirani. Kabla ya Kenya huja Pretoria, dakika ya kwanza na sekunde ya 40 baada ya saa kamili, kisha tena kila baada ya dakika 3. Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse, halafu hupiga milio minne: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati.

"Sasa," kijana akasema.

Kwanza zikaja alama za haraka, kama kuku anayedonoa bati. Kisha mlio, imara, ambao fundi aliufanya mzuri zaidi kwa kugusa kirungu kidogo tu. Wa pili, mwembamba zaidi. Wa tatu nilifikiri ni mbu, mpaka nikaona fundi ameinua kidole. Karibu kilomita 2,900 kutoka hapa, kwa wati 1. Wa nne haukuja.

Tulisubiri dakika tatu, tukasikia mitatu. Tukasubiri tena. Jirani yangu wa orofa ya tatu alikuwa amepanda na mshumaa, akauziba upepo kwa kiganja, akasikiliza pamoja nasi bila kusema neno.

"Injinia," fundi akauliza, "hiyo sehemu ya kumi ya wati ni kama nini?"

Kijana akafikiri. "Ni kama tochi ya mulika mwizi, mzee."

Fundi aliangalia kusini, juu ya mapaa ya Donholm, mahali ambapo hakuna kilichoonekana. Ndipo stima ikarudi. Watoto wa mtaa mzima wakapiga ukelele wa furaha, madirisha yakawaka moja baada ya jingine, na redio ikajaa mahamri. Kijana aliandika kwenye daftari kwa mwanga wa taa ya ngazini: Pretoria, mitatu. Wa nne, alama ya kuuliza.

"Kesho tunaupandisha mita moja," fundi akasema, akiushika waya kwa vidole viwili. "Na wewe usiku huu kaniangalizie kitabuni, huo urefu kutoka chini una kazi gani."